Cheti Kinachovuka Mpaka: Miaka 55 ya Kanisa la Kristo katika Kongo

Machi 2025 Kanisa la Kristo katika Kongo, ambalo wengi hulitaja kwa herufi zake za Kifaransa, ECC, lilitimiza miaka 55 tangu mkutano mkuu wa Kinshasa ulipoligeuza baraza la misheni kuwa kanisa moja la kitaifa. Kwa Kivu Kaskazini kumbukumbu hiyo iliangukia wakati mbaya. Goma ilikuwa imeingia mikononi mwa waasi wa AFC/M23 mwishoni mwa Januari, na Bunagana, mji mdogo wa mpakani kuelekea Uganda, ulikuwa chini ya wapiganaji haohao tangu 13 Juni 2022. Historia ya taasisi huandikwa zaidi kutoka makao yake makuu, mahali penye kumbukumbu za vikao na picha za viongozi. Hii naiandika nikitazama kutoka mpakani, kwa sababu dai kubwa la ECC, kwamba Wakristo wa misheni mbalimbali ni mwili mmoja bila kulazimika kufanana, hupimwa vizuri zaidi mahali ambapo watu huhama kila mara na kila anayehama huenda na kanisa lake. Ninachodai ni kwamba nguvu ya taasisi hii haikutokana na sheria ya Rais Mobutu, kama wapinzani wake wasemavyo, wala haikutokana na mapatano ya mafundisho, kama watetezi wake wangependa. Ilitokana na desturi ya zamani ya kutambuana, yaani muumini wa misheni moja akihamia eneo la nyingine kupokelewa kama Mkristo kamili. Na pale desturi hiyo ilipovunjika katika Kivu, chanzo kwa kawaida hakikuwa tofauti ya imani.

Bunagana uko katika grupema (kundi la vijiji) ya Jomba, usultani wa Bwisha, wilaya ya Rutshuru, chini ya vilele vya Muhabura, Mgahinga na Sabinyo. Upande wa pili ni Kisoro. Mpaka ulipatanwa mwaka 1910 baina ya Waingereza, Wabelgiji na Wajerumani, na ukaacha wasemaji wa Kinyarwanda pande zote, wakiuziana viazi na maharagwe na kuoana kama kawaida. Ramani ya makanisa ikafuata ramani ya wakoloni. Upande wa Kigezi, yaani wa Uganda, Waprotestanti walikuwa Waanglikana, hasa baada ya madaktari Algie Stanley Smith na Leonard Sharp kufika Kabale mwaka 1921 na kuanzisha kazi iliyokuja kuitwa Misheni ya Ruanda. Upande wa Kongo, Waprotestanti wakawa Wabatiste, na kituo chao cha karibu kikawa Rwanguba, ndani ya Rutshuru. Wakatoliki pande zote mbili waliletwa na shirika moja, la Mapadri Weupe, ingawa chini ya maaskofu tofauti. Kwa hiyo watu wa ukoo mmoja, wenye babu mmoja, walijikuta wengine wanabatiza watoto wachanga na wengine wanasubiri mtoto akue aungame mwenyewe kabla ya kuzamishwa majini. Hakuna babu aliyepima hoja za Calvin na za Wabatiste akachagua. Aliyechagua ni tume ya mipaka.

Jambo hili si kasoro ya Bunagana peke yake. Ndiyo namna Uprotestanti ulivyoenea Kongo nzima. Misheni za kwanza zilifika mwaka 1878 kwenye mlango wa mto, na kufikia mwanzo wa karne ya 20 zilikuwa nyingi, ndogo, kutoka Uingereza, Marekani na Skandinavia, katika nchi ambayo mtawala wake alikuwa Mkatoliki na alipendelea misheni za Wabelgiji. Mkataba wa mwaka 1906 kati ya Dola Huru ya Kongo na Vatikani uliwapa Wakatoliki ardhi na nafasi ya pekee katika elimu. Waprotestanti walihesabiwa kuwa wageni, tena wageni wasumbufu, kwa kuwa baadhi yao walipeleka Ulaya habari na picha za mikono iliyokatwa wakati wa mpira wa Leopold II. Udhaifu huo uliwasukuma kukaa meza moja. Mkutano mkuu wa kwanza wa wamisionari wa Kiprotestanti ulifanyika mwaka 1902 huko Leopoldville, ukafuatwa na mingine mingi. Mwaka 1911, baada ya mkutano wa misheni duniani wa Edinburgh wa 1910, ikaundwa kamati ya kudumu, na katika miaka ya 1920 ikawa Baraza la Kiprotestanti la Kongo. Kazi yake ya msingi ilikuwa kugawana maeneo ili misheni mbili zisigombee kijiji kimoja, na kusema na serikali kwa sauti moja.

Mpango wa kugawana maeneo ulikuwa na tobo ambalo wapangaji wake waliliona mapema: watu hawakai. Machimbo ya Katanga, mashamba ya Kivu, reli, bandari na miji mipya vilichukua vijana kutoka kila eneo. Kijana aliyebatizwa na misheni moja alipofika mjini, alikuta kanisa la misheni nyingine. Je, aanze upya? Katikati ya miaka ya 1930 baraza likapata jibu ambalo, kwa maoni yangu, ndilo tendo muhimu kuliko yote katika historia hii, kuliko hata lile la 1970. Misheni wanachama zilikubali makanisa yao yote yatumie jina moja, Kanisa la Kristo katika Kongo, na waumini wao wapewe cheti cha ushirika kitakachotambuliwa na misheni nyingine. Hapakuandikwa ungamo jipya la imani, wala hakuna aliyeacha desturi yake ya ubatizo. Kilichoandikwa kilikuwa karatasi ndogo inayosema kwamba huyu ni wetu, mpokeeni.

Cheti hicho kilikuwa na teolojia ndani yake, ingawa hakikuitamka. Ili Mpresbiteri wa Kasai ampokee Mbatiste wa Kongo ya Chini, ilibidi wote wawili wachukulie kwamba yale wanayoyashiriki yanatosha kumfanya mtu awe Mkristo: Mungu mmoja, Baba, Mwana na Roho Mtakatifu, Yesu Kristo aliyekufa na kufufuka kuwa Bwana na Mwokozi, Maandiko kuwa kipimo, wokovu kwa neema ipokewayo kwa imani, ubatizo na Meza ya Bwana kuwa maagizo ya Kristo mwenyewe. Yaliyobaki, kama vile umri wa kubatizwa, mamlaka ya maaskofu au wazee, kunena kwa lugha, yaliwekwa kando bila kufutwa. Mkosoaji atasema huo ni umoja wa chini kabisa, wa kupunguza hadi kisibaki cha kugombania. Hoja hiyo ina uzito, na waliokuwa wakiitoa hawakuwa wapuuzi. Wengi walikuwa wamisionari wenye bidii walioogopa kwamba anayesema mambo ya ubatizo si ya msingi kesho atasema ufufuo nao si wa msingi. Lakini angalia orodha yenyewe. Kiini chake ni mambo ya Imani ya Mitume, ambayo Waanglikana wa Kisoro na Wakatoliki wa Jomba huyaungama katika ibada zao, na ambayo Mpentekoste wa Goma asiyekariri ungamo lolote huyahubiri barabarani. Msingi wa nyumba haulingani na ghorofa kwa ukubwa, wala haupaswi.

Kivu ndiko nadharia hiyo ilikojaribiwa kwa ukali, na matokeo yake yanafundisha kuliko mahubiri. Kazi ya Kibatiste katika sehemu hizi ilianza mwishoni mwa miaka ya 1920 kupitia misheni ndogo iliyofuata nyayo za Paul Hurlburt, ikakabidhiwa mwaka 1946 kwa shirika la Wabatiste wahafidhina wa Marekani. Watu hao walikuwa wakali katika mafundisho, na mawasiliano yao na makundi ya umoja wa makanisa duniani yalijaa tahadhari. Kama usawa wa mafundisho ungekuwa ndio unaojenga umoja, basi Wabatiste wa Kivu wangekuwa kielelezo: Biblia moja, ubatizo mmoja wa waaminio kwa kuzamishwa, namna moja ya kuendesha kanisa, vituo vichache vinavyojuana kwa majina. Walipasuka vibaya. Kuelekea uhuru wa 1960 na katika miaka iliyofuata, ugomvi uliingia hadi katika mali, vituo na uongozi, ukaacha makundi mawili ambayo hadi leo ni jumuiya mbili tofauti: ile iitwayo sasa Jumuiya ya Kibatiste katika Afrika ya Kati, CBCA, ambayo ni ya 3 katika hesabu ya ECC, na ile ya makanisa ya Kibatiste ya Kongo Mashariki, CEBCE, ambayo ni ya 55.

Waligombania nini? Shule, kwa sehemu kubwa. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia serikali ya Ubelgiji ilifungua mlango wa ruzuku kwa shule za Kiprotestanti, ruzuku ambayo kwa miaka mingi ilikuwa imeziendea shule za Kikatoliki. Wamisionari wengi wa Kibatiste walisita kuipokea. Kwao kutenganisha kanisa na dola kulikuwa kanuni ya imani iliyolipiwa kwa damu huko Ulaya, tena walifika Afrika kuhubiri, hawakuja kuendesha elimu ya serikali. Waumini wao waliona jambo jingine: watoto wa Wakatoliki jirani wakipata vyeti vinavyotambulika na kazi katika ofisi, na wa kwao wakibaki na elimu ya kusoma Biblia. Madai ya shule yaliambatana na madai ya uongozi, kwa kuwa aliyeshika mfuko ndiye aliyeamua. Hakuna hata upande mmoja uliokana kifungu chochote cha ungamo la Kibatiste. Mwaka 1974 Mobutu alipotaifisha shule, kisha mkataba wa Februari 1977 ulipozirudisha chini ya usimamizi wa makanisa huku serikali ikiahidi kulipa mishahara, wajukuu wa pande zote mbili waliingia kwenye mfumo uleule wa shule za mkataba za Kiprotestanti. Kanuni iliyowatenga haikuwahi kuamuliwa. Ilipitwa na wakati tu.

Hapo ndipo hoja yangu inaposimama dhidi ya wazo linalopendwa sana katika semina za umoja, kwamba tukisha kukubaliana juu ya misingi ya imani, umoja utakuja wenyewe. Katika Kivu misingi ilikuwapo na umoja haukuja. Wabatiste wa pande hizo mbili waliafikiana juu ya kila jambo ambalo kamati ya teolojia ingeweza kuliorodhesha, na bado walishindwa kutambuana. Wakati huohuo Waanglikana wa Boga, kanisa lililopandwa na Apolo Kivebulaya mwaka 1896, na Wamenoni wa Kasai, na Wapentekoste wa misheni za Sweden na Norway huko Kivu, ambao hawakubaliani hata juu ya maji ya ubatizo, waliishi ndani ya baraza moja. Misingi ya pamoja ni sharti la lazima. Kama inatosha kuleta umoja ni habari nyingine.

Sasa tuje Machi 1970, siku inayokumbukwa rasmi. Mkutano mkuu wa baraza uliamua, baada ya mabishano makali, kwamba baraza liwe kanisa, na misheni pamoja na makanisa yaliyotokana nazo ziitwe jumuiya za kanisa hilo moja. Mchungaji Jean Bokeleale, wa Wanafunzi wa Kristo kutoka Ikweta, ndiye aliyekuwa msukumo mkuu, na ndiye aliyekuwa rais wa kwanza kwa karibu miongo mitatu, hadi alipomwachia nafasi Marini Bodho. Hoja yake ilikuwa rahisi na yenye nguvu: migawanyiko ya Ulaya na Marekani si ya Wakongo, kwa nini waitunze kama urithi? Sehemu ya wamisionari na ya viongozi wa Kongo walikataa, wakitaka kubaki na baraza la hiari. Ndipo sheria ya 31 Desemba 1971 juu ya dini ikaja, ikatambua makanisa matatu tu: Katoliki, Kimbangu na Kanisa la Kristo. Jumuiya ya Kiprotestanti iliyotaka kuendelea kumiliki hata kiwanja ilibidi iingie chini ya jina hilo.

Hii ndiyo hoja nzito kuliko zote dhidi ya taasisi hii, na haifai kuipita mbiombio. Umoja uliosimamiwa na dikteta ni umoja gani? Wakati Kardinali Malula aliposuguana na Mobutu juu ya siasa ya uhalisi wa Kiafrika na kupigwa marufuku kwa majina ya Kikristo, uongozi wa Kiprotestanti ulikuwa na maneno laini kwa serikali, na miaka ile haiupi sifa. Bokeleale alipojitwalia cheo cha askofu, Wabatiste wengi waliona kile walichokiogopa tangu mwanzo: ngazi ya mamlaka iliyojengwa juu ya kichwa cha kanisa la mahali. Mimi nadhani lawama hizo ni za haki. Lakini zinaulaumu uongozi na namna sheria ilivyotumika. Hazithibitishi kwamba umoja wenyewe ulitengenezwa na sheria. Kama sheria ndiyo iliyousimamisha, basi sheria ilipolegea ungeanguka. Ililegea Aprili 1990 Mobutu alipotangaza mwisho wa chama kimoja, makanisa ya uamsho yakachipuka kila mtaa, na sheria ya Julai 2001 juu ya mashirika yasiyo ya faida ikayapa njia ya kujiandikisha yenyewe. Njia ya kutokea ilikuwa wazi kwa miaka mingi. Jumuiya hazikutoka. Mpya ziliingia, hata idadi ikapita ile ya sabini.

Kuna mzaha katika ongezeko hilo, na lazima usemwe. Baadhi ya namba mpya zilizaliwa na ugomvi: jumuiya inapasuka, kila nusu inabisha hodi Kinshasa, na zote mbili zinapewa kiti. Mtu anaweza kuona hapo taasisi inayobariki mafarakano. Mimi naona pia jambo jingine, ambalo Kivu Kaskazini inalionyesha. CBCA na CEBCE zingekuwa maadui wa mahakamani milele kama kusingekuwa na meza ambayo hakuna upande uliokuwa na haki ya kumfukuza mwingine. Kukaa chini ya paa moja na ndugu uliyegombana naye si upatanisho, lakini ni mahali ambapo upatanisho unaweza kuanzia bila mmoja kulazimika kwenda nyumbani kwa mwingine kupiga magoti.

Kutambuana kuna mipaka yake pia, la sivyo kungekuwa adabu tu. ECC yenyewe haikuingia katika Baraza la Makanisa Ulimwenguni, na baraza la Kiprotestanti la Kongo lilijiondoa kwenye Baraza la Kimataifa la Misheni mwishoni mwa miaka ya 1950, lilipokaribia kuungana na lile la makanisa, kwa kuwa wanachama wengi wahafidhina hawakuliamini. Baadhi ya jumuiya zilijiunga zenyewe na vyombo vya kimataifa. CBCA, kwa mfano, ni mwanachama wa Misheni ya Umoja wa Kiinjili, VEM, yenye makao yake Wuppertal, ambamo wamo Walutheri, Wareformati na Wamethodisti wa Afrika, Asia na Ujerumani. Mfano wa mpaka wenyewe ni Kanisa la Kimbangu. Lilipokelewa katika Baraza la Makanisa Ulimwenguni mwaka 1969, kwa furaha kubwa, kama kanisa lililozaliwa Afrika kwa mateso ya Simon Kimbangu aliyefia gerezani mwaka 1951. Baadaye mafundisho yake juu ya Kimbangu kuwa Roho Mtakatifu yaliwafanya Wakatoliki na Waprotestanti wa Kongo wakate nalo ushirika wa ibada, na mwaka 2021 uanachama wake wa kimataifa nao ukakoma. Anayedhani umoja wa Kongo hauna mafundisho ndani yake aitazame habari hiyo. Watu walioweza kuvumiliana juu ya ubatizo, maaskofu na lugha za Roho walishindwa kuvumilia badiliko katika Utatu. Msingi ulikuwapo, na ulijulikana ulipoguswa.

Kwa Wakatoliki safari imekuwa ndefu zaidi, na imepitia siasa kuliko teolojia. Mtaguso wa Pili wa Vatikani ulitoa tamko lake juu ya umoja mwaka 1964, likiwatambua waliobatizwa nje ya Kanisa Katoliki kuwa ndugu katika Bwana, lakini vijijini watu waliendelea kwa muda mrefu kuoana kwa siri kati ya parokia na misheni. Karibuni kumetokea kitu kipya. Mwaka 2021, wakati wa kumtafuta mwenyekiti wa tume ya uchaguzi, makanisa na dini nane zilitakiwa zikubaliane. Baraza la Maaskofu Katoliki, CENCO, na ECC ziliungana kumpinga Denis Kadima, nyingine sita zikamwunga mkono, akateuliwa. Mwaka 2023 hao wawili walituma pamoja waangalizi wao wa uchaguzi. Januari 2025 wakazindua pamoja mpango wa mapatano ya kijamii kwa ajili ya amani, na Februari ujumbe wao ulifika Goma kuzungumza na Corneille Nangaa, kiongozi wa AFC/M23, kisha ukakutana na Rais Kagame huko Kigali. Kinshasa kulikuwa na walioliona jambo hilo kuwa usaliti. Hata hivyo, wakati ule, hapakuwa na watu wengi waliokuwa na ujasiri au namna ya kuzifikia pande zote kwa miguu yao wenyewe.

Pingamizi la mwisho ndilo linalouma, na linatoka jirani kabisa na Bunagana. Mwaka 1994, ng'ambo ya mlima, watu waliobatizwa waliwaua watu waliobatizwa, mara nyingine ndani ya makanisa. Rwanda ilikuwa nchi ya Kikristo kwa hesabu yoyote, na ilikuwa pia kitovu cha Uamsho wa Afrika Mashariki, ulioanzia Gahini na Kigezi katika miaka ya 1930 ukivuka mipaka ya makanisa na makabila kwa wimbo, toba na ushuhuda. Mamia ya maelfu ya wakimbizi wa Rwanda waliingia Kivu Julai mwaka huo, na tangu wakati huo kila vita katika Rutshuru imekuja na orodha ya nani ni wetu na nani si wetu, kwa kabila. Ni wazi kwamba cheti cha ushirika hakikuwa na nguvu mbele ya kitambulisho cha kabila. Sina jibu litakaloufuta ukweli huo, wala silitafuti. Ninachosema ni kwamba kosa la makanisa halikuwa kuwa na imani ndogo ya pamoja. Kosa lilikuwa kuifunga desturi ya kutambuana ndani ya mambo ya madhehebu, kana kwamba swali la nani ni Mkristo kamili lilikuwa linahusu Mbatiste na Mpentekoste tu, wakati swali lililokuwa linaulizwa barabarani lilihusu Mhutu, Mtutsi, Mnande, Mhunde. ECC ilikuwa na chombo kilichokomaa kwa ajili ya tatizo la jana, na haikukinyoosha hadi kwa tatizo la leo.

Mahali ambapo chombo hicho kimenyooshwa ni hospitali, na si bahati mbaya. Hospitali kuu ya rufaa ya Rwanguba, ambayo ni ya CBCA, inahudumia eneo la afya lenye Bunagana ndani yake, na milango yake haiwezi kuuliza kadi ya ubatizo. Huko Goma, hospitali ya CBCA Ndosho, ikisaidiwa na Msalaba Mwekundu, imekuwa kwa zaidi ya miaka kumi mahali ambapo majeruhi wa risasi hufikishwa, raia na askari, bila kujali walikotoka. Huko Bukavu, hospitali ya Panzi ilianzishwa mwaka 1999 ndani ya jumuiya ya 8 ya Wapentekoste, CEPAC, na mwaka 2018 daktari wake Denis Mukwege akashiriki Tuzo ya Nobel ya Amani kwa kazi iliyofanywa hapo. Katika elimu, Chuo Kikuu Huru cha Nchi za Maziwa Makuu, ULPGL, kilianzia Goma mwaka 1985 kama chuo cha teolojia cha jumuiya kadhaa za Kiprotestanti, ambazo hakuna hata moja iliyoweza kukiendesha peke yake. Umoja huo wa kazi hauhitaji kutetewa sana. Unahitaji kuelezwa tu kwamba ulitangulia na unaendelea kutegemea ule mwingine: daktari wa Kipentekoste anayeajiriwa na Wabatiste, mhadhiri wa Kianglikana anayefundisha wachungaji wa Kibatiste, wote wanaingia kwa mlango uliofunguliwa na cheti cha miaka ya 1930.

Kazi zilizobaki ziko wazi, na mbili ni za haraka. Ya kwanza ni ubatizo. Mkristo wa Kianglikana aliyebatizwa mtoto Kisoro akihamia Bunagana na kutaka kuwa mshirika kamili wa parokia ya Kibatiste, desturi ya mahali bado inaweza kumtaka azamishwe. Wabatiste wana hoja yao ya Maandiko, nayo si ya kudharauliwa. Lakini hati ya Lima ya mwaka 1982 juu ya ubatizo, ekaristi na huduma ilipendekeza njia ambayo ECC, kuliko taasisi nyingi duniani, ilikuwa na uzoefu wa kuijaribu: kuitazama safari nzima, ubatizo na ungamo la imani pamoja, badala ya kuhesabu tendo moja tu. Miaka 55 baada ya 1970, sinodi ya taifa haina sababu nzuri ya kuendelea kuliahirisha jambo hilo kwa kisingizio cha umoja katika utofauti.

Ya pili inatokana na vita. Tangu Goma ianguke, serikali ya mkoa imehamishia ofisi zake Beni, na mstari wa mapigano umeikata Kivu Kaskazini vipande. Jumuiya zilezile ziko pande zote: CBCA ina vituo vyake vya zamani Katwa, karibu na Butembo, upande wa serikali, na Rwanguba, upande wa AFC/M23. Pasta wa upande mmoja anaweza kushukiwa kwa sababu ya anakoishi, na mkimbizi wa Jomba aliyekimbilia kambi za Kisoro anaweza kukosa kanisa linalomjua. Viongozi wa ECC wanaokwenda hadi Kigali kuzungumza na wakuu wana wajibu mwingine mdogo na mgumu zaidi, wa kuhakikisha kwamba barua ya ushirika iliyoandikwa Rwanguba inapokelewa Butembo bila maswali ya kabila la aliyeibeba, na ile ya Butembo inapokelewa Rwanguba vivyo hivyo. Wamisionari wa miaka ya 1930 waliliweza jambo la namna hiyo kwa mashine za chapa na magari ya mizigo, katika nchi ambayo haikuwataka.